Nafasi Juu ya Jina la Isobel

Jiwe la kaburi la akina Moncur pale Kilmarnie lina kasoro moja ambayo parokia nzima inaijua. Limesimama wima, na kwa jiwe jekundu la Angus, Uskoti, lililopigwa mvua zaidi ya miaka mia, halijaliwa sana. Lakini juu ya jina la Isobel Moncur, mahali ambapo kwenye mawe mengine hukaa jina la mume, pana nafasi tupu: viganja viwili upana, kiganja kimoja kimo, laini kama meza. Babu yao David ndiye aliyemsimamishia mama yake jiwe hilo mwaka 1911. Alimwagiza fundi aiache nafasi hiyo wazi, na fundi alipouliza ingekuja kuandikwa nini, David alivaa kofia yake akaenda zake.

Elspet Moncur alikuwa na miaka sabini na moja, na kaka yake Dod sabini na sita. Wajukuu hawa wawili wa David walikulia chini ya maneno ya watu kuhusu nafasi ile. Shuleni waliambiwa kwamba ukoo wao haukuzaliwa, ulichimbwa pamoja na viazi. Elspet alicheka, kwa sababu ndivyo alivyo. Dod alirusha ngumi, akarudi nyumbani pua inavuja, na kesho yake akarusha tena. Kisha huyohuyo Dod, mtu wa ajabu, akaenda kujifunza uchongaji wa mawe ya makaburi. Kwa miaka arobaini na nane aliandika majina ya baba za watu, kutoka Forfar hadi Brechin, baba wema na baba walevi, wote kwa herufi zilezile nzuri. Baba wa David hakuwahi kumwandika, maana hakuna aliyemjua.

Sasa mikono ilikuwa imemwisha. Mashine za kukatia mawe zilizomtetemesha tangu ujana zilimwachia ugonjwa wa vidole: baridi kidogo tu, vinageuka vyeupe na kufa ganzi, hata kifungo cha shati kinamshinda. Daktari alimwambia aweke zana chini. Dod akajibu kwamba ataziweka, bado jiwe moja.

"Nitafutie jina lake," alimwambia dada yake mwezi Juni, wakinywa chai jikoni kwake. "Nilichonge, nikae."

"Na nisipolipata?"

"Utalipata. Wewe shuleni kwako uliwahi kujua nani kaiba pudini kati ya watoto mia mbili."

"Huyo alikuwa na jemu kidevuni, Dod."

Halmashauri ilitoa kibali cha kuligusa jiwe, lakini mwisho wake ulikuwa siku ya mwisho ya Septemba. Elspet alikitazama kile kibali, akaitazama mikono ya kaka yake iliyoshika kikombe kama mtu anayeshika ndege, na akajua kwamba mwakani hakutakuwa na haja ya kibali.

Basi kila Jumanne alipanda basi kwenda mjini, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mikate, ambako chama cha historia za koo kina kompyuta tatu, birika moja na Wilma Cargill. Wilma alikuwa karani wa vizazi na vifo mpaka alipostaafu, na alistaafu mshahara tu. Ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na hakuna siku ambayo haitafuti mojawapo.

Cheti cha kuzaliwa kilipatikana siku ya kwanza. David Moncur, amezaliwa tarehe 9 Machi 1868. Mama, Isobel Moncur, mtumishi wa shambani. Chini ya jina la mtoto karani ameandika kwamba si wa ndoa, kwa mwandiko wa kupendeza kabisa, na mahali pa baba amepiga mstari.

"Usimlaumu karani," alisema Wilma. "Sheria ilikuwa hivyo. Jina la baba haliandikwi mpaka mwenyewe aje atie sahihi pamoja na mama."

"Hakuja."

"Hakuja, kipenzi. Wengi hawakuja. Nenda kwenye ubatizo."

Elspet akaenda kwenye ubatizo. Wiki tano alipekua rejista ya kanisa la parokia, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa mchungaji mmoja ukiwa umelala kama nyasi baada ya mvua, na hakumwona David wala kivuli chake. Julai ikaisha. Agosti ikaanza, na Dod akawa anapiga simu kila Jumanne jioni kuuliza "Je?" kisha anakata kabla hajajibiwa vizuri. Mwishoni Wilma, akipita na sahani ya biskuti za siagi, alisimama nyuma yake.

"Hivi hao watu wako walikuwa wa kanisa hili au lile jingine?"

Elspet akageuka pole pole. Hata mtoto mdogo wa huko anajua kwamba mwaka 1843 Waskoti wengi walitoka kanisani kwa hasira, wakajenga jingine ng'ambo ya barabara. Alijua pia kwamba nyanya yake hakukanyaga kanisa la parokia hata siku ya harusi za watu. Wiki tano zote alikuwa anabisha kwenye nyumba isiyo yake.

"Usiseme kitu," alimwambia Wilma.

"Sijafungua mdomo."

Kwenye vitabu vya lile jingine ilimchukua dakika ishirini. *29 Novemba 1868. David, mwana wa Isobel Moncur. Aliyemnyanyua mtoto: Ninian Lowden, fundi viatu.*

Elspet aliisoma mara tatu, kisha akavua koti, kwa sababu joto lilimpanda ghafla.

Baba yao mzazi aliitwa Ninian. Ninian Moncur, mtoto wa kwanza wa David. Ni jina la watu wa kusini, la pwani ya Galloway, na huku kwao lilikuwa la kushangaza hata lilimletea baba yao utani wa maisha mazima. Hapakuwa na Ninian mwingine kwenye ukoo, na walipouliza limetoka wapi waliambiwa wale uji wao. Lakini desturi ya nchi ile haina mjadala: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. David alimwita wa kwanza wake Ninian. Na kanisani mwao, anayemnyanyua mtoto mbele ya mchungaji ni baba. Hapo ushahidi uko wapi zaidi? Elspet aliinuka akambusu Wilma kwenye paji la uso, akaigonga ile miwani ya kichwani ikaanguka.

"Subiri kwanza," alisema Wilma, akiitafuta sakafuni. "Umesoma kumbukumbu za baraza la wazee?"

"Za nini tena? Nimempata!"

"Kwa sababu mwanamume mwenye kosa kama hilo hakuruhusiwa kumnyanyua mtoto mpaka baraza limkemee kwanza. Lazima wawe wameandika mahali. Ngoja nitazame."

Elspet hakungoja. Alimpigia Dod simu akiwa bado kwenye ngazi, akamtajia jina.

"Ninian," Dod alisema. "Mzee alitembea nalo jina maisha yake yote, na hakujua."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa kitu ambacho alishaacha kukiomba. Elspet aliikumbuka sauti hiyo wiki nzima, na alikuja kuijutia simu ile.

Jumanne iliyofuata, ya kwanza ya Septemba, alienda mjini kuchukua nakala tu. Alikuta Wilma hajawasha hata birika.

"Kaa, kipenzi."

"Sitaki kukaa unaponiambia hivyo."

"Basi simama, lakini sikiliza."

Baraza la wazee wa kanisa lilimwita Isobel Moncur mara nne, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Kila mara karani aliandika maneno yaleyale: amehojiwa juu ya baba wa mtoto, hakutaja. Mara ya nne aliongeza kidogo. Aliandika kwamba mwanamke alisema jina hilo ni lake na hatoi. Wazee wakaamua kwamba mtoto asiadhibiwe kwa ukaidi wa mama. Atabatizwa, ikiwa mshirika yeyote mwenye sifa njema atajitokeza kumnyanyua.

"Yeyote," alisema Elspet.

"Yeyote. Siku ya ubatizo mchungaji aliuliza nani anamnyanyua mtoto huyu. Aliuliza mara tatu. Wameandika: mara tatu. Baba yake Isobel alikuwepo kanisani, hilo nalo wameandika. Ndipo akasimama huyu fundi viatu."

"Akasimama kwa sababu mtoto ni wake!"

"Watu walisema hivyohivyo. Mwezi wa Desemba baraza likamwita kwa ajili ya maneno hayo. Soma mwenyewe."

Elspet alisoma. Ninian Lowden aliulizwa kama yeye ni baba. Akajibu siye. Aliulizwa alifika lini katika parokia, na baraza likaangalia barua aliyokuja nayo kutoka kanisa lake la zamani huko Whithorn, Galloway, ya tarehe 20 Mei 1868, ikisema kwamba hakuwahi kukosa ushirika mtakatifu wa kule hata mwaka mmoja. Mei. Siku aliyotia mguu Kilmarnie kwa mara ya kwanza, David alikuwa ameshafikisha miezi miwili kwenye titi la mama yake.

Alikaa chini sasa, bila kuambiwa. Wilma akaenda kuwasha birika, akatia sukari vijiko vitatu ingawa Elspet hatumii.

Alimkuta Dod makaburini. Alikuwa ameshaisafisha ile nafasi kwa brashi na maji, ameipiga mistari, na kuandika kwa chaki, herufi za kupendeza ambazo mikono ile haikupaswa kuziweza: NINIAN LOWDEN, MUME. Alikuwa amefika kwenye E.

"'Mume' umeitoa wapi?" aliuliza Elspet. "Hata tungekuwa sahihi, hawakuoana."

"Kwa Mungu walishaoana. Nitazamie hiyo W, niambie kama imekaa." Kisha akamtazama usoni. "Nini?"

Elspet alimweleza yote, kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza: kwanza, pili, tatu. Dod alisikiliza akiwa amepiga goti, chaki mkononi.

"Mtu anaweza kusema uongo mbele ya baraza."

"Barua haisemi uongo, Dod. Alikuwa Whithorn, upande wa pili wa nchi."

"Labda yule binti alienda huko."

"Mtumishi wa shambani? Kwa miguu? Kufuata viatu?"

"Usinichekeshe, Elspet. Leo usinichekeshe."

Alichukua kitambaa, akakilowesha kwenye ndoo, akaifuta chaki. Alifuta kwa nguvu, huku na huku, hata pale pasipokuwa na chaki tena. Vidole vilikuwa vimeshageuka vyeupe kwa maji.

"Miaka hamsini kasoro," alisema. "Nimemwandika baba wa kila mpumbavu katika wilaya hii. Yule mwizi wa kondoo wa Brechin, nimemwandikia 'mpendwa'. Wangu mimi ni nani? Mstari wa karani. Rudi kwa huyo Wilma wako, mwambie ahsante."

"Wilma hana kosa lolote."

"Nenda nyumbani."

Elspet alitaka kwenda. Mtu akifukuzwa na kaka yake kwenye kaburi la bibi zake ana haki ya kwenda. Lakini nakala ilikuwa kwenye mkoba, na hakuwa amemaliza kuisoma, kwa kuwa alipoiona ile tarehe ya Mei macho yalimjaa machozi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, hapohapo, mgongo wa Dod ukiwa umemwelekea.

"'Aliulizwa kwa nini basi alisimama, iwapo mtoto si wake. Akajibu kwamba mtoto alikuwa analia, na yeye ndiye aliyekaa karibu.'"

Dod hakugeuka.

"'Aliulizwa kama anafahamu kwamba watu watamhesabu kuwa baba. Akajibu kwamba wahesabu. Aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana, isipokuwa kama baraza limemaliza angependa kurudi kazini, kwani ana buti za watu.'"

Akaikunja karatasi. Dod alikuwa ameacha kufuta.

"Yeye ndiye aliyekaa karibu," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Babu yetu aliambiwa. Lazima Isobel alimwambia. Ndiyo maana Mzee akaitwa Ninian." Alikuwa anazungumza na jiwe, si na dada yake. "Desturi inataka jina la baba. Akaangalia, akaona hana baba, akampa huyo."

"Sasa kwa nini asimwandike hapa mwaka ule? Jina alikuwa nalo."

Dod alifikiri kama fundi, yaani kwa kuipapasa ile nafasi. "Lowden alikuwa na watoto?"

"Saba, Wilma kasema. Wawili walikuwa bado wanaishi hapa kijijini mwaka wa jiwe."

"Basi. Angeandika jina lake juu ya jina la Isobel, na kila apitaye hapa angelisoma kama nilivyolisoma mimi. Baraza limemsafisha yule mtu, babu aje amchafue kwenye jiwe? Hakukosa jina, Elspet. Alikosa namna ya kuliandika."

Akaomba asindikizwe nyumbani. Jumatano hakupiga simu. Alhamisi Elspet alimpelekea sambusa kubwa za nyama za Forfar, akaziacha mlangoni, maana alisikia anatembea ndani na hakutaka kufunguliwa na uso ule. Wiki mbili ilinyesha ile mvua nyembamba isiyoanguka bali inayoning'inia tu hewani, na jiwe lililolowa halichongwi. Kibali kikabaki na siku tisa, kisha sita. Ile ya tano ikatoka na jua, na asubuhi simu ikalia.

"Lete chupa ya maji moto," alisema Dod. "Lete mbili."

Alipofika alikuta chaki imeshaandikwa. Aliisoma akiwa mbali, kisha akakaribia akaisoma tena. Halikuwapo neno mume, wala baba, wala mpendwa. Palikuwa na mistari miwili tu:

NINIAN LOWDEN
ALIMNYANYUA DAVID

"Hapo hakuna wa kukosea," alisema Dod. "Ndicho kilichotokea."

Elspet alisema ndiyo, kisha akajishughulisha na kifuniko cha chupa.

Walifanya kazi namna ambayo mwanafunzi yeyote wa Dod angepigwa kofi kwa kuifanya. Herufi mbili, tatu, halafu tindo linawekwa chini na mikono inaingia kwenye chupa za moto mpaka rangi irudi. NINIAN ilichukua asubuhi yote. Saa sita walikula mkate na jibini wakiwa wamekaa kwenye jiwe la akina Petrie, ambao hawakuwahi kulalamika. LOWDEN ilikuwa nzuri, nzuri kama za zamani, na Dod aliitazama kwa kiburi ambacho hakujaribu kukificha. Kwenye mstari wa pili mkono ulianza kumsaliti. N ya pili iliinama kidogo upande wa kushoto.

"Uifute uanze upya?" Elspet aliuliza.

"Jiwe halifutwi. Iache, iiname."

Ilipofika saa kumi jua likaenda nyuma ya mnara, na baridi ikaja kwa miguu. Zilibaki herufi mbili za David. Maji ya chupa yalikuwa vuguvugu. Dod alishika tindo kwa mkono wa kushoto kwa kulitazama tu, maana hakuwa analisikia, lakini mkono wa kulia, wenye nyundo, ulifika usawa wa kifua ukakataa kupanda. Alijaribu mara moja, akajaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

"Tutamalizia kesho," alisema Elspet.

"Kesho hautapanda kabisa. Naujua."

Walikuwa wawili tu makaburini. Fundi kijana ambaye Dod alimfundisha angekuja kwa simu moja, na wote wawili walimfikiria, na hakuna aliyemtaja. Elspet akavua glavu. Akapita nyuma ya kaka yake, akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, magoti ya mtu wa sabini na moja, akaweka viganja vyote viwili chini ya kiwiko cha Dod cha mkono wa nyundo.

"Unafanya nini?" alisema Dod.

"Mimi ndiye niliyekaa karibu."

Dod akavuta kamasi, akasogeza ncha ya tindo mpaka kwenye chaki.

"Juu kidogo," alisema.

Elspet akanyanyua.